Kabla hujarusha droni nyingine Diani, sikiza

Nitasema tu wazi: vidio za Diani zimekuwa vidio moja. Droni inapanda, mchanga mweupe, ngamia anapita, madafu mawili, msee amelala kwa bembea, amapiano, kwisha. Ukizima sauti na kufunika jina la aliyepost, huwezi jua ni ya nani. Na sai kuna lile dimbwi lenye umbo la Afrika. Kila mtu lazima asimame pale Afrika Kusini, anyooshe mikono, droni ipande. Dimbwi ni zuri, sikatai. Lakini wiki moja nilihesabu vidio 11 za hilo dimbwi kwa simu yangu, na hakuna hata moja iliyosema liko karibu na kijiji gani.

Mimi ni wa Msambweni. Nina miaka 22, campo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa, na tangu hapo simu na tripodi ndio ofisi. Kwa hivyo siandiki kama mtu anayechukia kontenti. Kontenti ndiyo inanilisha. Naandika kwa sababu nikiuliza vijana wa Ukunda, wa Kombani, wa Likoni, hata wa Mombasa mjini, "umewahi fika Wasini?", wengi wananiangalia kama nimewauliza kama wamefika mwezini. Bali wanaijua, Zanzibar wanaijua, Okinawa wanaijua kwa vlogu za Wajapani. Gazi, ambayo ni mwendo mfupi wa matatu kutoka Ukunda, wanaijua kama stegi ya kupita tu ukienda Lunga Lunga.

Na sio uvivu peke yake. Kijana wa Kwale amefundishwa kwamba vitu vya kutembelea ni vya wageni. Yeye kazi yake ni kubeba mizigo, kuuza shanga, kuendesha boda, ama kutuliwa shaka.

Mwaka jana tulikuwa watatu, tunatembea ufuoni na tripodi, askari wa hoteli moja (jina nitaliacha) akatusimamisha kutuuliza tunaenda wapi. Bahari iko kushoto, mchanga uko chini ya miguu, tunaenda wapi tena? Wazungu wawili wakapita nyuma yetu, hakuna aliyewauliza chochote. Tukajibu kwa heshima, tukaendelea na safari. Lakini wacha niwaambie kitu ambacho kila kijana wa pwani anafaa kukijua kwa kichwa: Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Ya umma maana yake ni yako. Hoteli ina bustani yake, ina vitanda vyake, ina bwawa lake la kuogelea. Ule mchanga unaofunikwa na maji kila siku si wake. Shida kubwa huwa ni njia ya kufika huko, kwa sababu ukuta ukifuatana na ukuta, ufuo wa umma unageuka kuwa chumba kisicho na mlango. Hapo ndipo serikali ya kaunti inafaa kubanwa, tena kila siku.

Haya, tuachane na mchanga sasa. Twende Gazi.

Gazi ni kijiji cha wavuvi kati ya Ukunda na Msambweni. Nyuma yake kuna historia nzito: hapa ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid, yule Mmazrui aliyewasumbua Waingereza katika vita vya 1895 na 1896 mpaka akalazimika kuvuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani, Tanzania ya leo. Kwa shule hii stori ilipita kwa mistari miwili hivi. Lakini leo watu wanaijua Gazi kwa mikoko. Kina mama wa kijiji wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, unatembea juu ya matope bila kuguswa na tope. Unalipa kitu kidogo, mama mmoja anakutembeza, anakuonyesha huu ni mkoko wenyewe, ule ni mchu, ule mkandaa, ule wa mbele kabisa unaopigwa na maji ni mlilana. Mimi nimezaliwa hapo karibu na nilikuwa nayaita yote "mikoko" tu, kama vile mtu wa bara anavyoita samaki wote "samaki".

Sasa sikiza hii sehemu, ndiyo inanifanya niandike. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa vibaya sana kwa ajili ya kuni za viwanda. Sehemu zikabaki uwanja mtupu. Watafiti wa KMFRI wakaanza kupanda upya miaka ya 1990 wakishirikiana na wanakijiji. Halafu 2013 ukaanza mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, wa watu wa Gazi na Makongeni. Unavyofanya kazi ni hivi: mikoko hunyonya hewa ya ukaa na kuifungia kwenye matope kwa miaka mingi, kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Hiyo kazi hupimwa, kisha watu na kampuni za nje huinunua kama karadha ya kaboni, yaani wanalipa mikoko ibaki imesimama. Pesa ikija, kijiji kinakaa kikao kinaamua: maji ya bomba, vitabu vya shule, miche zaidi. 2017 walipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kijiji cha kwetu, jamani! Watu wanatoka Ulaya na Asia kuja kujifunza Gazi, na msee wa Ukunda anapita na matatu akiwa amefunga dirisha.

Ukienda, kula huko. Usibebe kuku wa mjini kwa mfuko. Kina mama wakiambiwa mapema wanapika, na wali wa nazi wa Gazi sina maneno yake.

Kaya Kinondo ni stori nyingine, na hapa nitagombana na wenzangu wa kamera. Iko hapo hapo kusini mwa Diani, ukiacha hoteli nyuma. Ni msitu mdogo, karibu hekta 30, na ni msitu mtakatifu wa Wadigo. Makaya ya Mijikenda yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kinondo ni mojawapo. Lakini msidhani UNESCO ndiyo iliyouokoa. Huo msitu umelindwa na wazee na masharti yao kwa karne kadhaa, wakati misitu iliyouzunguka ikigeuka kuwa viwanja.

Masharti ni haya: unavua kofia, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, hakuna kubusiana wala kushikana kimapenzi, huchukui kitu, hata jani lililoanguka. Na kuna sehemu hazipigwi picha. Kuna mahali pa makaburi, kuna mahali palipozikwa fingo, ile kinga ya kaya. Unaambiwa zima, unazima.

Nimeona wasee wakilalamika kwamba hayo ni mambo ya kizamani. "Nimelipa, mbona nisipige?" Bro, umelipa kuingia, hujanunua. Msikitini ukiingia unavua viatu, na hujawahi kusema umelipa nauli ya kufika hapo. Na tukiongea kibiashara tu, kaya iliyopigwa kila kona kwa droni si kaya tena, ni bustani. Kinachomleta mtu Kinondo ni kwamba kuna kitu hakionekani kwa simu. Mimi kontenti yangu ya Kinondo niliifanya nje ya lango: kaniki, mzee akieleza masharti, halafu kioo cheusi na sauti ya ndege. Iliangaliwa kuliko vidio yangu yoyote ya mchanga. Wazee nao waliombwa ruhusa kwanza, na walipewa nafasi ya kuisikiliza kabla haijatoka. Hii ya kuomba ruhusa si sheria ya kaya peke yake. Mvuvi anayevuta nyavu alfajiri naye ni mtu, sio mandhari.

Sasa Wasini. Unashukia Kanana, unaingia barabara ya Shimoni, kisha boti fupi tu. Kisiwa hakina gari hata moja. Kelele utakayosikia ni jogoo, watoto wa madrasa na injini za boti. Wenyewe wanaongea Kivumba, na ukijifanya Kiswahili chako cha Mombasa ndicho sanifu watakucheka polepole. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe, ila ya nchi kavu: matumbawe ya zamani yaliyoachwa juu na bahari, yamesimama kama sanamu, na kina mama wamejenga daraja la mbao juu yake. Maji ya bamvua yakijaa yanaingia chini yako taratibu. Hiyo sehemu inasimamiwa na kikundi cha kina mama, na kiingilio ni chao.

Watu wengi wanaofika Wasini hawaioni Wasini. Wanashushwa na boti kubwa ya kutoka kwa hoteli, wanaogelea Kisite, wanaletwa kula kaa, wanarudishwa. Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko hapo mbele tangu miaka ya 1970, chini ya KWS, na ndiyo kweli pengine sehemu nzuri zaidi Kenya ya kuangalia samaki ukiwa na miwani ya maji tu. Pomboo wapo. Kati ya mwezi wa 7 na wa 9 hata nyangumi hupita. Yote sawa. Lakini kisiwa kile hakina mto wala chemchemi ya maji matamu, wanaishi kwa maji ya mvua wanayokinga kwenye birika na maji wanayovushwa nayo kutoka bara. Sasa wewe umelipa maelfu kwa boti ya mtu asiyeishi pale, ukafika kwa mama anayekuuliza kiingilio cha bei ya soda mbili, ukaanza, "Mama, si unipunguzie kidogo, mimi ni mwenyeji." Manze, hapana. Kama ni mwenyeji ndio ulipe bila kelele.

Kwa pomboo nina neno moja: usimshurutishe nahodha awakimbize. Nahodha anajua kukata injini na kungoja. Anayemlazimisha awafukuze ni abiria mwenye simu anayetaka sekunde saba.

Mapango ya Shimoni mengi mmeyasikia. Jina la mji linatoka hapo hapo, kwa shimo. Unashuka ngazi, popo wako juu, mwanga unaingia kwa matundu, na mwongozo wa kijiji anakuonyesha pete za chuma ukutani na kukueleza habari za watu waliofungwa wakingoja majahazi. Biashara ya kuuza watumwa baharini ilipigwa marufuku na Sultan Barghash 1873, lakini utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907. Hesabu mwenyewe: babu wa babu yako angeweza kuwa hai. Nimeona mtu akicheza dansi ya trendi ndani ya yale mapango. Sitasema zaidi.

Ukiwa upande huo, simama Kibuyuni uone kina mama wakilima mwani. Wanaufunga kwa kamba, maji yakipwa wanaingia kuuhudumia, mwingine wanauza ukiwa mkavu na mwingine wanatengeneza sabuni. Nunua hiyo sabuni. Inanukia vizuri kuliko ile unayoagiza kwa mtandao.

Na wale mnaosema bahari mmechoka nayo: pandeni Shimba Hills. Kutoka Kombani unaingia Kwale mjini, hewa inabadilika, unavuta sweta. Hii hifadhi imekuwepo tangu 1968, na ndiyo mahali pekee Kenya ambapo palahala wanaishi porini. Yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama majambia. Kuna ndovu, na kuna maporomoko ya Sheldrick, mita 21 hivi, unashuka na mgambo kwa miguu na kupanda nako kunakukumbusha umri wako. Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen na bei ya Mkenya si ya mgeni, ila angalia kabla hujatoka kwa sababu huwa zinabadilika. Upande wa pili kuna Mwaluganje, ambapo wakulima wenyewe walitoa mashamba yao yawe njia na makao ya ndovu. Fikiria mtu ameachia shamba lake ndovu, na wewe unasema kwenda kuangalia ni mbali.

Nikirudi Diani kidogo, si kwa mchanga. Kwanza, msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, unasemekana ni wa karne ya 14, na bado unaswaliwa. Mibuyu imeuzunguka. Nenda jioni, vaa vizuri, salimia watu. Pili, mbega. Ukipita barabara ya Diani tazama juu utaona ngazi za kamba zimevuka lami. Zile ni madaraja ya mbega, yaliwekwa na Colobus Conservation, shirika la hapo Diani lililoanza 1997, kwa sababu mbega walikuwa wanagongwa na magari. Kontenti nzuri kabisa, bure, iko juu ya kichwa chako. Ila usiwape mkate.

Na vinyago unavyoona vikiuzwa pale ufuoni, vingi vina mkono wa Wamakonde. Hawa ni watu walioishi Kwale miongo mingi bila kitambulisho, mpaka 2016 walipofunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, wakaupata na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Muulize muuzaji aliyekichonga ni nani. Ukipata jina, una stori.

Najua mtakachoniambia: hatuna doo. Ni kweli, na siwezi kumwambia mtu asiye na kazi aende mapumziko. Lakini naona hesabu mnazofanya wikendi. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure. Matatu hadi Ukunda, nyingine hadi Gazi, kiingilio, chakula, kurudi. Ukipanga na mabeshte wanne inakuwa chini ya kile mnachotumia usiku mmoja wa Ijumaa pale mnapojua wenyewe. Wasini ni ghali zaidi kwa sababu ya boti, kwa hivyo nendeni kikundi, msilipe boti ya watu kumi mkiwa wawili.

Kuna wanaosema tena kwamba tukionyesha hizi sehemu tutaziharibu. Hii nayo naiheshimu, kwa sababu naona Diani ilivyo. Kule Japani kuna kisiwa kidogo kinaitwa Taketomi, karibu na Ishigaki, kusini kabisa, joto kama kwetu. Tangu 2019 wanaomba kila mgeni atoe yen 300 za kutunza kisiwa. Ni hiari, hakuna anayekukaba. Mimi ningependa kuona Wasini nzima ina kitu kama hicho, kinalipwa pale gatini Shimoni kwa M-Pesa, kinaingia akaunti ya kijiji, na hesabu inabandikwa ukutani kila mwezi kila mtu aisome. Kile kiingilio cha kina mama kibaki chao vilevile. Lakini sehemu ikifichwa haitunziki ng'o. Mikoko ya Gazi ilipokatwa miaka ya 70 hakukuwa na mtu anayepost.

Ndio maana sipendi hizo kapsheni za "sehemu ya siri Kwale ambayo hakuna anayeijua". Watu wanaishi hapo, wanaijua sana. Andika jina la kijiji. Andika kikundi kinachoisimamia. Andika bei uliyolipa ili anayekuja baada yako asidanganywe na dalali.

Mwisho, mambo ya majira, kwa sababu mtaniuliza kwa DM. Kusi likivuma, hasa mwezi wa 6 na wa 7, bahari ya Kisite inachafuka na boti zinaruka, kama tumbo lako ni jepesi ngojea kuanzia mwezi wa 10. Shimba Hills epukeni mvua ya masika, njia ya maporomoko inateleza. Gazi na daraja la Wasini nendeni maji yakiwa yanajaa. Jedwali la maji liko kwa simu, ama muulize mvuvi yeyote pale Gazi, atakwambia saa bila kuangalia chochote.